Ng'ombe Wasiohesabiwa

Tegeni masikio vizuri, maana mwishoni sitamsaidia mtu.

Huko Olkiroi, kwa wafugaji, waliishi watu watatu wenye vipaji. Mzee Parmuat alimjua kila ng'ombe wa kijiji kwa rangi na kwa mlio. Nasieku alikuwa hodari wa kupima nyasi na kusema zitalisha ng'ombe wangapi. Lekishon aliichora mbuga nzima kwenye kompyuta: kisanduku cha nyasi, kisanduku cha ng'ombe, mishale katikati, na mstari wa kuonyesha lini malisho yatakwisha.

Ukame ulipoingia, wazee wakawaagiza watatu hao waseme siku ya kuhamia mlimani.

Parmuat aliulizwa ng'ombe ni wangapi. Kwao, kutaja idadi ya kweli ni kuita mauti zizini. Akasema mia tatu. Walikuwa mia sita.

Lekishon alizaliwa palepale, alijua fika kwamba kila mtu hutaja nusu. Lakini kumwuliza mzee mara ya pili ni kumwita mwongo, naye kijana ana adabu zake. Akaingiza mia tatu. Mstari ukasema malisho yatafika hadi mvua za masika.

Nasieku alipima kila Jumatatu, na nyasi zilikuwa zinakwisha mbio kuliko mstari ulivyosema. Akaona haya kubishana na kompyuta. Akafuta vipimo vyake, akaandika vinavyolingana nayo. Msomi huyo.

Wakahama wakiwa wamechelewa. Ng'ombe walianguka njiani, na waliobaki wakakauka maziwa. Simaloi, mjane, akamzika kitindamimba wake kando ya njia. Mimi kila nikifika hapa nashikwa na hasira.

Wazee wakaamua mmoja afukuzwe asirudi tena, na Simaloi ndiye amtaje. Kwanza wakamtaka Lekishon aingize idadi ya kweli na nyasi za kweli, kama Nasieku alivyozikumbuka. Mstari ukashuka, ukagusa chini juma lilelile alilokufa mtoto.

"Nilikuwa nawalinda ng'ombe," alisema Parmuat.

"Nami nilikuheshimu wewe, mzee," alisema Lekishon.

Nasieku akasema aliiamini kazi ya Lekishon kuliko macho yake.

Simaloi akaitazama kompyuta. "Mwanangu alikuwa kwenye kisanduku kipi?"

Wazee wangali wanamngoja ataje jina moja, na wale wawili watakaobaki watakuwa majirani zake hadi kufa. Haya, wewe uliyekaa hapo umeshiba: ungekuwa Simaloi, ungemtaja nani?