Kura ya Mheshimiwa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa tayari na Bunge lao na sisi bado tunagombania mapango, alikuwepo mbunge mmoja aliyeitwa Mheshimiwa Kiboko, wa Jimbo la Mawe Mawili. Sogeeni karibu. Na anayetaka kusinzia aende akalale kwao, kwa sababu kisa hiki chote kimetokana na usingizi.

Mheshimiwa Kiboko alikuwa mbunge wa siku nyingi. Kila uchaguzi ukifika alikuja Mawe Mawili, akapanda juu ya jiwe, jiwe likalia "kwaru!", naye akaanza kuhutubia.

"Ndugu zangu! Nikiwa bungeni nina vipaumbele vitatu. Cha kwanza, maji!"

"Majiii!" wakaitikia wananchi.

"Cha pili, maji!"

"Majiii!"

"Na cha tatu?"

"Majiii!"

Vigelegele! Vumbi! Kanga wakirukaruka! Kiboko akachaguliwa, akaondoka, na Mawe Mawili hawakumwona tena mpaka uchaguzi mwingine.

Sasa katika mawe yale alikuwa akiishi Bi Perere na watoto wake wawili. Perere mnamjua? Ni mnyama mdogo kama sungura, hana mkia hata wa kufukuzia nzi, lakini sauti yake, jamani! Akilia mtini, hata aliye kilimani anadhani kuna msiba.

Wadogo wote wa Mawe Mawili walikuwa wakinywa maji kwenye chemchemi moja, chini ya jiwe. Mtoni hawakwenda, maana mtoni kuna mamba. Dada yake Perere aliwahi kwenda mara moja tu, mwaka wa kiangazi kikali, na hakurudi. Kwa hiyo mkisikia chemchemi, msidhani ni mambo ya kuoga. Ni uhai.

Basi siku moja habari zikafika: Waziri Nyati anapeleka bungeni muswada wa kuizungushia uzio chemchemi ya Mawe Mawili, iwe mahali pa wakubwa kugaagaa matope.

"Mama, tutakunywa wapi?" watoto wakauliza.

"Hapahapa," akajibu Perere. "Tuna mbunge, si tunaye? Maji, maji, maji! Ngoja niende nikamsikie akitutetea."

Akaenda mbio, tiki tiki tiki, mpaka bungeni, akapenya akakaa kwenye viti vya wageni. Akamtafuta mbunge wao kwa macho. Hakupata taabu. Alimsikia kabla ya kumwona.

"Khoroooo... fyuuu. Khoroooo... fyuuu."

Mheshimiwa alikuwa amelala fofofo, kidevu juu ya meza!

Bunge lile lilikuwa na desturi yake. Kwa kuwa kila mnyama ana lugha yake, kura haikupigwa kwa maneno, ilipigwa kwa mlio. Spika Mbuni alisimama akasema, "Wanaoafiki!" na wanaoafiki wakalia. Kisha akasema, "Wanaokataa!" na wanaokataa wakalia. Upande uliotoa kelele kubwa ndio ulioshinda. Na ndani ya ukumbi ule hapakuwa na koo la kulishinda la Kiboko. Yeye peke yake aliwazidi wote waliobaki.

Nyati alilijua hilo. Kila mchana alimletea Kiboko maboga, Kiboko akala, akashiba, akalala. Halafu kulikuwa na ndege mmoja wa kudonoa kupe, mtu wa Nyati, aliyekaa sikioni mwa Mheshimiwa. Spika akisema tu "Wanaoafiki!", ndege anadonoa. Dono!

"NGWOOOO!" ananguruma Kiboko, macho bado yamefumba.

"Walioafiki wameshinda!" anasema Spika. Nyundo, ko! Mheshimiwa anarudi kwenye khoroooo yake.

Perere aliyaona hayo yote kwa macho yake. Bunge lilipopumzika akamkimbilia Mheshimiwa Digidigi, mbunge wa jimbo la jirani.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Niambie ukweli. Tulipoporwa mahali petu pa kulamba chumvi, mbunge wetu alisemaje?"

"Marahaba. Alinguruma."

"Na ule mkuyu wetu, walipopewa kina Nyati?"

"Alinguruma."

"Na njia yetu ya bondeni, ilipofungwa?"

"Hiyo alinguruma mara mbili, mpaka Spika akamwomba apunguze."

Perere alitaka kulia, lakini akijua mlio wake ungevunja madirisha, akajikaza. Miaka yote ile walikuwa wakiwalaumu kina Nyati, kumbe kila walichonyang'anywa kilinyang'anywa kwa sauti ya mtu wao wenyewe. Alikasirika, na mimi hapa ninakasirika pamoja naye.

"Muswada wa chemchemi ni lini?" akauliza.

"Kesho mchana, baada ya chakula."

"Baada ya maboga," akasema Perere. Akafikiri kidogo, kisha akamnong'oneza Digidigi jambo. Digidigi akatoa macho, akaziba mdomo asicheke.

Asubuhi yake Perere akamfuata Kiboko kwenye kidimbwi chake, akapiga goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Sikio lako linaendeleaje?"

"Aaah, mwanangu, usiniulize!" akasema Kiboko. "Lina kidonda hiki! Yule ndege ananidonoa kama anachimba kisima."

"Pole sana. Sasa Mheshimiwa mzima, mtu wa heshima zake, anaamshwa kwa kutobolewa? Mimi nina sharubu laini. Nikikutekenya hivi..." Akamtekenya.

"Hi hi hi! Hooo! Tamu hiyo!" Kiboko akacheka mpaka maji yakamwagika nje ya kidimbwi. "Kazi umepata! Ndege na aende zake!"

Mchana Waziri Nyati akaingia ukumbini, akamkuta Perere amekaa sikioni mwa Kiboko. Akakunja uso.

"Wewe nani?"

"Mwamshaji mpya, Mheshimiwa Waziri."

"Kazi yenyewe unaijua?"

"Naijua. Spika akiita kura, namwamsha Mheshimiwa."

"Usikosee!"

"Nikosee? Hata kidogo!" akasema Perere, na hakuwa amedanganya hata neno.

Maboga yakaletwa. Kiboko akala, kwachu kwachu kwachu. Akapiga mwayo ambao ungemeza mtumbwi. Khoroooo.

Nyati akasimama. "Mheshimiwa Spika, uzio huu ni kwa faida ya wadogo wenyewe! Wakitumbukia chemchemini, nani atalaumiwa? Sisi! Tunawapenda, ndiyo maana tunawazuia!"

Wakubwa wakagonga meza. Pa! Pa! Pa! Pa!

Zile kelele zikamtikisa Kiboko. Jicho moja likafunguka!

"Tayari?" akauliza Kiboko kwa sauti ya usingizi.

"Bado, Mheshimiwa. Ni makofi tu. Lala, baba, lala."

Jicho likafumba.

Spika akainua shingo. "Wanaoafiki!"

"Mbuuu!" akalia Nyati. Ngiri wakakoroma, nyumbu wakalia, pundamilia wakapiga kelele. Lakini ile sauti kubwa haikuja! Nyati akageuka. Akakohoa, "Kho! Kho!" Akapiga kwato, gu! gu! Akamkodolea Perere macho mekundu. Perere naye akamtazama kwa adabu, kama hajaelewa anaambiwa nini.

"Amsha! Amsha!" Nyati akanong'ona kwa ukali.

"Naam?" Perere akaweka mkono kwenye sikio lake mwenyewe.

"Wanaokataa!" akasema Spika.

Hapo sasa! Perere akaingiza sharubu sikioni mwa Kiboko, akatekenya kwa nguvu zake zote, kulia, kushoto, chini, juu. "Sasa, Mheshimiwa! Sasa! Sasa!"

"NGWOOOOOOO! NGWO! NGWO! NGWOOOOO!"

Vumbi likashuka darini. Kofia ya Spika ikaruka. Popo waliokuwa wamelala chini ya paa wakatoka wote wakakimbia. Mlio wa Digidigi na wa mbunge Kanga, kwi na kwekwe, haukusikika kabisa, na wala haukuhitajika.

Spika akaokota kofia yake. "Waliokataa wameshinda!" Nyundo, ko!

"Hapana!" Nyati akaruka juu ya kiti. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Kura hiyo si halali! Kiboko alikuwa amelala!"

Watoto wa Perere, chemchemi, mtoni kwa mamba, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye neno hilo moja.

Ndipo Mheshimiwa Digidigi akasimama kwa vile vijiti vyake vya miguu, akasema yale aliyonong'onezwa.

"Mheshimiwa Spika, hili ni jambo zito. Waziri anasema kura ya aliyelala si kura. Mimi nakubaliana naye! Basi tumwombe atueleze, Mheshimiwa Kiboko alianza lini kulala humu? Maana sheria ya chumvi ilipita kwa mngurumo wake. Ya mkuyu pia. Ya njia ya bondeni pia. Kama alikuwa amelala siku zote hizo, tuzifute zote leo, na chumvi irudi kwa wenyewe!"

Lo! Ngiri wakatazamana. Nyumbu mmoja akamvuta Nyati mkia. "Kaa chini, bwana! Utatutia hasara!"

Nyati akateremka kitini.

"Mheshimiwa Waziri," akasema Spika, "unasisitiza kwamba alikuwa amelala?"

"Mimi... nilidhani... labda alikuwa anafikiri."

"Tumuulize mwenyewe. Mheshimiwa Kiboko, ulikuwa umelala?"

Kiboko akatazama huku na huku. Alikuwa hajui kilichopita wala kinachokuja. Lakini neno "umelala" alilisikia vizuri, na likamchoma.

"Mimi? Mimi nilale bungeni? Nani kasema? Tangu nichaguliwe sijafumba hata jicho moja! Nilichonguruma nimenguruma kwa akili zangu timamu, na leo nanguruma tena: NGWOOOO!"

"Imeingia kwenye kumbukumbu za Bunge," akasema Spika. Ko!

Perere aliruka! Alitoka sikioni, akatua mezani, akacheza pale pale mbele ya wakubwa bila kujali kanuni yoyote. Digidigi naye akagonga meza mpaka kwato zikamuuma. Hata mimi nikifika hapa kila mara nataka kusimama, basi tu magoti yananikataza.

Wabunge walipokuwa wanatoka, Kiboko akamvuta Perere pembeni, akainamisha kichwa kile kikubwa, akanong'ona.

"Mwanangu, kwani leo nimekataa nini?"

"Uzio wa chemchemi, Mheshimiwa."

"Ahaa. Chemchemi ya wapi?"

"Ya jimboni kwako. Mawe Mawili."

Kiboko akajikuna kidevu. "Mawe Mawili kuna maji?"

Perere akamtazama. Alitaka kucheka, akataka kumpiga kibao, na wakati huohuo akamwonea huruma. Mwisho hakufanya hata moja. Alisema tu, "Yapo, Mheshimiwa. Njoo siku moja uyanywe." Kisha akashika njia, tiki tiki tiki, mpaka kwenye mti wa kwanza wa jimbo lao, akapanda juu kabisa, akaachia ile sauti aliyoibana tangu jana.

"Kreeee! Kreeee! Chemchemi ni yetuuu! Kunyweniii!"

Wote wakatoka mashimoni, kanga, nguchiro, panya, mbio mpaka chini ya jiwe, na watoto wa Perere wakaingiza nyuso zao majini mpaka masikioni. Siku hiyo hakuna aliyelala mchana Mawe Mawili, na tangu hapo kila Bunge lilipokutana, wadogo walijaa kwenye viti vya wageni, macho yakiwa wazi, wakimtazama mbunge wao.

Ndiyo hivyo, wanangu: ukimchagua mtu akusemee, usikae nyumbani, nenda ukamsikilize anavyosema.