Mlango wa Baraza la Shakani

Nisikilizeni, na atakayesinzia nitamwamsha.

Katika mji wa Shakani, kila nyumba ilitoa vikapu vitatu vya mtama kwa mwaka ili wachimba kisima walipwe. Miaka mitatu ikapita, kisima hakuna. Bi Mkejina, mfinyanzi, alifuata maji mwendo wa nusu siku, mgongo ukamuuma.

Akaenda barazani, akakuta mlango umefungwa. "Mtama wetu uko wapi?"

Wajumbe wakajibu kutoka ndani, "Tunajadili."

Akaenda mara ya pili. "Tumepitisha sheria." "Inasemaje?" "Ni siri."

Mara ya tatu akaambiwa, "Sheria inakataza kuuliza."

Bi Mkejina akauegemea mlango, akalia kwa hasira. "Jamani! Hata wewe mlango huchoki?"

"Nimechoka kukuzidi," mlango ukajibu. "Wewe umekuja mara tatu tu. Mimi nawasikia kila siku." Ukajing'oa bawaba, ukaanguka puu!

Watu wakaja mbio. Wakaona zimwi limekalia magunia, wajumbe wanalilisha mtama kwa mikono yao, maana liliwaahidi kwamba hakuna atakayewatoa vitini. Lakini zimwi lile liliishi gizani tu. Jua lilipoligusa, likayeyuka kama samli.

Wajumbe wakafukuzwa, mtama uliobaki ukawalipa wachimbaji, maji yakapatikana. Watu wakachagua baraza jipya, na Bi Mkejina akauchukua ule mlango kwake. Hata mwezi haujaisha, wajumbe wapya wakamwendea Bi Mkejina.

"Mama, turudishie mlango. Upepo unatupiga."

Bi Mkejina akashusha pumzi. "Jifunikeni," akasema, "na mseme kwa sauti."

Nimesema niliyoyasikia. Mengine kaulizeni barazani.