Alama ya Kijivu

Sogeeni, ila msimkanyage ndama. Mmeuliza kwa nini tunamkata sikio kabla hata hajajua kukimbia. Mgongo unaniuma leo, kwa hiyo nitasema mara moja tu, na anayetaka kusinzia asinzie.

Zamani hizo masikio ya ng'ombe wa Isenga yalikuwa mazima yote mawili. Mifugo ilikuwa mingi na minene, na miaka ikipita ndigana ilirudi kuifyeka. Mnaijua ndigana: matezi yanavimba chini ya masikio, ng'ombe anakohoa, povu linamtoka puani, siku ya saba mnamvuta kwa kamba mkamfukie. Na wazee wetu, Mungu awarehemu, walikuwa na mila yao. Ng'ombe akiugua kisha akapona na wenzake wamekufa, walisema huyo ndiye aliyewala. Walimchinja, wakaenda nchi za mbali kutafuta ng'ombe wengine warembo, wakaanza upya. Wakajiona wamefanya la maana!

Nyamizi alizaliwa ndani ya mila hiyo na akaolewa ndani yake. Ndigana ya kwanza ilimkuta ana mtoto mchanga, naye maziwa yamemkauka. Katika boma lao alibaki jike mmoja mwekundu, amepona. Mumewe akamchinja, na Nyamizi mwenyewe ndiye aliyekinga damu kwa kibuyu. Mtoto hakufika mavuno. Watu walimwambia ni kazi ya Mungu, naye akaitikia, maana angesema nini?

Ndigana ya pili ilimkuta mjane mwenye mvi, analea mjukuu aliyeitwa Limi, ambaye mama yake alifariki akijifungua. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, akafukia kumi. Shimo la mwisho alilichimba amekaa chini, kwa kuwa miguu ilikataa. Aliyebaki ni Kijivu, jike mfupi mwenye nundu iliyolala upande, ambaye watu walimcheka kwamba ni mbuzi aliyekosea boma. Kijivu alilala siku nne hoi, siku ya tano akainuka, akaanza kula nyasi.

Masunga, shemeji yake na mkuu wa ukoo, akampelekea kisu kama mila ilivyotaka. Nyamizi akakipokea, akakinoa, akamtazama yule ng'ombe. Kisha akakaa. Msije mkasema nimewaambia bibi yule alikuwa na hekima kuliko watu wote. Alikuwa amechoka, basi. Alichoka kuchimba, alichoka kunusa damu, alichoka kuanza upya. Akasema atamchinja kesho. Kesho ikafika, akasema keshokutwa, na Limi akawa anakunywa maziwa.

"Shemeji, sikio la kufa halisikii dawa," Masunga alimwambia.

"Basi niache nife nalo, shemeji. Leo sina mkono wa kuua."

Wakamtenga. Akahamia ukingoni mwa mbuga na mjukuu wake na ng'ombe wake mmoja, mahali ambapo nyati hushuka kunywa maji. Kila alipokwenda kisimani aliwaona. Walikula nyasi zile zile, kupe wale wale wamewajaa masikioni, na hakuna aliyekohoa. Jambo hilo lilimkera kama mwiba wa kisigino. Alilitembeza kichwani misimu miwili, hata siku moja akiwa ameinama na mtungi wake akasema kwa sauti, "Nyati hakuna anayewachinja waliopona, ndiyo maana wanazaa wanaopona." Akaketi pale pale kwenye matope. Akamkumbuka jike mwekundu, akakumbuka kibuyu, akakumbuka mwanawe. Alilia mpaka Limi akaogopa.

Tangu hapo akawa mtu wa kuangalia. Kijivu alipandwa na madume ya wapita njia, akazaa, na watoto wake wakazaa. Ili asichanganye nani katoka kwa nani, Nyamizi alichukua kile kisu cha Masunga akawakata ncha ya sikio la kushoto, alama moja kwa uzao wote wa Kijivu. Si wote waliopona homa ya utotoni, ile ndigana inayowapata ndama. Wengine wenye alama walikufa, hasa waliozaliwa na madume marembo ya mbali, naye akayaweka hayo moyoni. Lakini waliobaki walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuona. Waliokuja kumwomba ndama aliwapa bila maneno mengi. Hata Holo, mke wa Masunga, alipita njia ya nyuma akapewa mtamba, kwa sababu nyumbani kwake nako kulikuwa na mjukuu anayelilia maziwa.

Ndigana ya tatu ilikuja na ukame. Loo! Isenga yote ilinuka. Ilipotulia, Masunga aliongoza wazee sita hadi ukingoni mwa mbuga, kila mmoja na kisu chake, kwa kuwa ng'ombe tisa wa Nyamizi walikuwa hai na hilo halikuwa na maelezo mengine ila kwamba ndio waliowala wenzao.

Nyamizi hakusimama. Magoti yalikuwa yamekwisha.

"Chinjeni," alisema. "Sina nguvu ya kuwazuia. Ila mila ni ya wote, shemeji. Anza na yule aliyebaki kwako. Umemtazama sikio?"

Masunga akageuka. Alirudi kwake peke yake, wazee wakimsubiri juani. Katika boma lake tupu alikuwamo jike mmoja tu, na Holo amechuchumaa anamkamua, mjukuu ameshika kikombe. Akalishika sikio la kushoto, akapapasa pale lilipokatwa. Aliporudi kwa Nyamizi hakuwa na kisu.

"Shemeji," akasema, "tumechinja wangapi?"

"Mimi nilimkingia damu mmoja," Nyamizi akajibu. "Wako wahesabu mwenyewe."

Wazee wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba radhi, na Nyamizi hakuwa na hamu ya kuombwa. Alimwita Limi amsaidie kunyanyuka, wakaenda kukamua.

Na tangu siku hiyo, hapa Isenga ng'ombe aliyepona hachinjwi, na ndama wa uzao wa Kijivu hukatwa sikio la kushoto kwa kisu kile kile kilichotumwa kuua. Anayekata hutaja jina la mama wa ndama, na mama wa mama, mpaka amfikie Kijivu. Hapo hunyamaza kidogo kabla hajafuta damu. Kimya hicho ni cha jike mwekundu, ambaye hana mtoto wa kutajwa.

Haya, mshikeni vizuri. Nileteeni kisu.