Chura Aliyeshinda Ngao ya Mbwa

Hapo zamani za kale, kabla mbwa hawajaanza kulala nje ya milango ya watu, walikuwa na mji wao wenyewe ulioitwa Bapani. Walijenga nyumba za mawe, walipika pilau, walivaa kanzu siku ya Ijumaa, na walikuwa na maringo ambayo hata mimi ninayewasimulia naona haya kuyataja yote.

Maringo yao yalikuwa ya pua. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Huko Bapani mbwa mwenye pua ndefu aliitwa koko, na mwenye pua fupi aliitwa bwana. Yule ambaye pua yake imezama ndani kabisa, ukimtazama ubavuni huioni, huyo aliamkiwa shikamoo hata na waliomzidi umri.

Sasa pua ikizama, hewa itapita wapi? Walikoroma wakilala, walikoroma wakila, walikoroma hata wakisimama tu sokoni kununua vitunguu. Hrrr-kho, hrrr-kho. Wenyewe waliuita mkoromo wa kiungwana. Mtoto akipumua kimya, mama yake alimfungia chumbani wageni wasimwone.

Kila mwaka walifanya mashindano ya uzuri, na mshindi alipewa ngao ya shaba. Mwaka huo Jumbe wa mji alitangaza jambo jipya. Mshindi angepewa ngao na binti yake juu, Mashavu, amuoe siku hiyo hiyo.

Mashavu alipopata habari hiyo alitoka kwa mlango wa jikoni, akaenda moja kwa moja kwa Sange.

Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza muda wote. Alikuwa fundi wa kushona mikeka, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya jiko la Jumbe, kwa hiyo hakuna lililosemwa kwa Jumbe ambalo yeye hakulisikia.

"Dada Sange, nisaidie. Wanataka kuniozesha," alisema Mashavu.

"Kuolewa si msiba, mdogo wangu. Nani huyo?"

"Nani atashinda kama si Makunyanzi? Ameshinda mara tatu."

Sange aliacha kushona. Bwana Makunyanzi ndiye aliyekuwa mzuri kuliko wote Bapani, na Tunu, dada yake Mashavu, alikuwa ameolewa na kaka wa Makunyanzi. Tunu alizaa watoto wanne, pua hazionekani kabisa. Mji mzima ulikwenda kuwatazama. Hakuna hata mmoja aliyefika siku ya arobaini, na wazee walipokuja kutoa pole walisema watoto wazuri mno huwa hawakai.

"Wa mwisho nilimshika mimi mwenyewe," alisema Mashavu. "Anafungua mdomo, anafungua mdomo, hewa haiingii. Naogopa, dada. Sitaki kuzaa watoto wa kuzika."

Sange alijifuta machozi kwa ncha ya pua yake, maana ilikuwa inafika.

"Baba yako umemwambia?"

"Anasema ni kudra. Anasema kanuni ya mashindano iliwekwa na mababu na haipindwi."

"Haipindwi hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Basi Sange akaanza kutabasamu, na pua ikaanza kucheza. "Vizuri sana. Sisi hatutaipinda. Tutaifuata mpaka mwisho wake." Akachukua sindano na uzi, akaondoka mbio kuelekea bwawani.

Huko alimkuta Chura amekaa juu ya jiwe anaota jua.

"Bwana Chura, unapenda pilau?"

"Sijawahi kula. Ina nzi?"

"Nzi wanaokaa juu yake hawahesabiki."

"Basi naipenda," alisema Chura.

Siku ya mashindano ikafika. Uwanja ulifagiliwa, mapambo yakafungwa, na sufuria kubwa la pilau likatiwa motoni nyuma ya ukumbi. Mwamuzi alikuwa Kiboko, aliyeitwa kutoka ziwani kwa sababu alikuwa mkubwa kupita wote, na mbwa wa Bapani waliamini kwamba mkubwa hakosei. Mbali kabisa, karibu na uzio, alisimama Sudi, mbwa koko aliyelinda shamba la mahindi la Jumbe. Yeye aliambiwa asisogee, asije akaiharibu sherehe kwa pua yake.

Kiboko alikuwa na vifaa viwili, kibao na bua la mtama. Kibao alikiegemeza usoni kwa mshindani. Kikigusa paji, pua na kidevu kwa pamoja, alama zote. Bua alilipitisha chini ya tumbo. Likipita, miguu ni mirefu mno, aibu. Kisha alisikiliza mkoromo.

Makunyanzi akaingia, ngozi imekunjamana mpaka macho anayatafutia njia. Kibao kikagusa kote. Bua halikupita. Hrrr-kho, hrrr-kho, uwanja mzima ukamsikia.

"Alama tisa," alisema Kiboko. "Moja imepungua kwa sababu una kikia kidogo hapo nyuma."

Watu wakapiga vigelegele. Mashavu alikuwa amekaa jukwaani na ushungi wake.

"Bado mmoja," ilisikika sauti ndogo. Alikuwa Sange, na nyuma yake anaruka kiumbe amevaa kanzu iliyoshonwa kwa mkono mmoja wa shati. Tap, tap, tap.

Kiboko alivaa miwani yake. "Mbona mdogo hivi?"

"Kanuni inasemaje kuhusu ukubwa, mheshimiwa?"

Kiboko akafunua kanuni, akafunua tena. "Haisemi kitu. Lakini mbona ni wa kijani?"

"Inasemaje kuhusu rangi?"

"Inasema isiwe ya kawaida." Kiboko akakuna sikio. "Haya. Ataje baba zake saba, kama kanuni inavyotaka."

Chura alivimbisha koo, akasema kama alivyofundishwa: "Mimi ni Dimbwi bin Kisima bin Mfereji bin Bwawa bin Kijito bin Mto bin Ziwa."

"Ziwa!" Uso wa Kiboko ulichangamka. "Hawa nawajua. Ni majirani zetu kabisa, watu wa heshima."

Akaweka kibao usoni kwa Chura. Paji, pua, kidevu, vyote vikagusa na nafasi ikabaki. Macho yalionekana hata ukisimama nyuma yake. Bua likakwama. Mkia, hakuna. Ngozi ya shingoni ilikuwa na mikunjo ya kutosha mbwa wawili.

"Akorome."

"Korrrr! Korrrr! Korrrr!" Wazee wa mstari wa mbele walifumba macho kwa raha.

"Alama kumi," alisema Kiboko, naye akamvisha Chura ngao, ikamfunika mpaka ikabidi achomozwe upande wa pili. "Huyu ndiye mbwa mzuri kuliko mbwa wote. Jumbe, mkwe wako huyu hapa."

Jumbe aliruka kwenye kiti. "Huyu si mbwa! Huyu ni chura wa bwawani!"

"Kanuni haiulizi kama ni mbwa," alisema Kiboko, ambaye hakupenda kusahihishwa mbele za watu. "Inaulizia pua."

Minong'ono ikazuka uwanja mzima. Jumbe alimtazama binti yake, akamtazama Chura, ambaye kwa wakati huo alikuwa amenasa nzi wa tatu. Jasho lilimtoka. Kanuni haipindwi, amesema mwenyewe, na amesema mbele ya mji wote.

Sange akamsogelea taratibu. "Baba Jumbe, kupinda kanuni haiwezekani. Lakini kuongeza je?"

"Kuongeza nini?"

"Mchumba azunguke kisima mara tatu kwa mbio. Halafu wale baba zake saba asiwataje majina tu. Aseme kila mmoja alikufa na nini, na kama watoto wake walipumua."

"Chura ataweza hayo?"

"Hataweza."

"Ongeza!" Jumbe alipiga muhuri wake hapo hapo juu ya kanuni, hata wino ukamrukia usoni. "Na imhusu kila mchumba, wa leo na wa kesho. Naapa mbele yenu."

Chura akaulizwa kuhusu watoto. Akajibu bila wasiwasi kwamba watoto wao huzaliwa ndani ya maji, hawana miguu, na kupumua nje hawajui. Akaondolewa kwenye uchumba, akashukuru, akaenda kutafuta pilau. Ngao hakuirudisha, maana kuhusu ngao hakuna kilichoongezwa.

"Sasa aje Makunyanzi," alisema Jumbe, roho imetulia.

Makunyanzi alianza kukimbia. Mzunguko wa kwanza hakuumaliza. Ulimi ulibadilika rangi, miguu ikapishana, akakaa chini, puu! Walimmwagia maji kichwani.

"Tuache mbio," alisema Kiboko. "Taja baba zako na vifo vyao."

"Baba alikosa pumzi akipanda ngazi," alisema Makunyanzi polepole. "Babu alikosa pumzi akila. Baba yake alikosa pumzi akiwa amelala. Wa nne..." Akahesabu vidoleni. "Wa nne alicheka. Watoto wa kaka yangu mnawajua."

Hakuna aliyeshangilia. Pale Bapani majina hayo walikuwa wakiyaimba kwenye harusi kila mwaka, na hawakuwahi kuyasikia kwa namna hiyo. Makunyanzi mwenyewe alianza kulia, na mimi namhurumia, kwa sababu yeye hakujitengeneza.

Ndipo Mashavu akasimama, akavua ushungi, akashuka jukwaani.

"Na mimi nipimwe," alisema.

Akakimbia. Mzunguko mmoja, na nusu, akashika ukuta wa kisima, kifua kinapiga hrrr, hrrr. Alipopata pumzi akasema kwa sauti wote wasikie: "Baba, kifua changu na cha Makunyanzi ni kimoja. Nikiolewa naye, watoto watarithi shida kwake na watairithi kwangu. Niozeshe kwa asiye nayo."

"Nimtoe wapi mbwa asiye nayo Bapani hii?" aliuliza Jumbe, na sauti yake haikuwa tena ya Jumbe.

Kutoka kwenye uzio mtu alikohoa. Alikuwa Sudi, mlinzi wa mahindi.

"Samahani, wazee. Sikutaka kuingilia. Lakini pilau imeshika chini, na sasa inaungua."

Wakatazamana. Mamia ya mbwa walikuwa wamekaa hatua kumi kutoka kwenye lile sufuria, na hakuna aliyenusa kitu. Wakakimbilia nyuma ya ukumbi, wakakuta moshi mweusi na Chura juu ya mfuniko.

Sudi aliombwa azunguke kisima. Alizunguka mara tatu, akaongeza ya nne kwa kuwa alidhani amekosea kuhesabu. Pumzi yake haikusikika.

"Taja wazee wako na vifo vyao," alisema Kiboko.

"Mama yuko shambani anafukuza nyani. Bibi yuko nyumbani anatwanga. Mama yake bibi ndiye anayetwangiwa."

"Nimesema vifo."

"Bado hawajafa, mheshimiwa."

Jumbe aliomba maji ya kunywa. Mjukuu wake awe na pua! Mji utasemaje? Lakini muhuri wake ulikuwa juu ya kanuni, wino haujakauka, na mwingine ulikuwa shavuni kwake. Mashavu alimtazama Sudi, akamuuliza kama anataka. Sudi akasema anataka tangu mwaka juzi, ila aliambiwa asisogee. Wakaozwa siku hiyo, wakala wali wa juu ambao haukuungua.

Miezi ikapita, Mashavu akazaa watoto watano, wenye pua. Ndogo, lakini mtu akitaka kuzishika anazishika. Bibi Tambo, mkunga wa mji, aliwalaza kwenye mkeka mpya wa Sange, akainama kusikiliza kama alivyosikiliza watoto wote wa Bapani.

Kimya. Akainama tena. Kimya jii.

Bibi Tambo akajifunga kanga kiunoni, akaweka mikono kichwani. "Jamani, hawakoromi. Hakuna hata mmoja anayekoroma. Wamekwenda, wote watano."

Jumbe aliingia mbio. Mashavu hakuweza hata kulia. Alikuwa amegeukia ukutani.

Sange alipenya katikati yao. Akaweka ncha ya pua yake juu ya mtoto wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Kisha akauvuta mkono wa Jumbe, akauweka juu ya kifua kidogo. Kilipanda, kikashuka. Kikapanda, kikashuka.

"Yuko hai?" aliuliza Jumbe.

"Anapumua, Baba."

"Mbona sisikii kitu?"

"Kupumua ndiko huku. Hakusikiki."

Jumbe alikaa chini sakafuni na kanzu yake nyeupe, akaegemeza sikio kwa mtoto mmoja baada ya mwingine, akalia kama mtoto mwenyewe. Mashavu akageuka, akaomba aletewe wote watano kwa pamoja. Siku ya arobaini ilipofika walikuwa watano vilevile, na wawili kati yao walikuwa wameiba nyama jikoni kwa kuifuata harufu.

Ile ngao ya shaba iko bwawani mpaka leo. Mvua ikiijaza maji, Chura huingia ndani akajinyoosha, na ukimwuliza yeye ni nani, hukuambia bila haya kwamba ni mbwa mzuri kuliko mbwa wote.

Nami nawaachia hili moja: kabla hujamsifu mtu kwa uzuri wake, sikiliza kwanza anavyopumua.