Maua ya Ukuta wa Jikoni

Ndugu zangu katika Kristo, naomba mnifuate hadi uani kwa mwanamke mmoja aliyesifika mtaa mzima kwa usafi. Aliishi na mama mkwe wake, bibi mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kando ya ukuta wa jikoni bibi huyo alikuwa amepanda maua ya mvua. Mnayajua. Kiangazi chote yanalala chini ya udongo, na juu hubaki mabua makavu tu. Mvua ya kwanza ikinyesha, linachomoka ua jekundu la mviringo, peke yake, na majani mapana yanalifuata baadaye.

Kiangazi hicho bibi alimwambia mkwewe, "Mwanangu, macho yangu yanakwenda. Mvua zikija nataka niyaone maua yangu, hata mara moja. Pale ukutani usipaguse."

"Mama, pale hapana kitu. Ni takataka."

"Kipo. Ningoje kidogo."

Ikafika zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwao. Nani kati yetu hajui hofu ya siku hiyo? Kivuli cha kukaa watu kilikuwa palepale ukutani. Bibi alipolala mchana, yule mwanamke akashika jembe. Aling'oa mabua, akafukua na vile vichwa vya chini vinavyofanana na vitunguu, akavitupa kwenye shimo la taka nyuma ya choo. Kisha akafagia.

Jumuiya ikaja. Mama mmoja akapiga makofi, "Mwenzetu! Uwanja huu mtu angekula ugali chini bila sahani!" Watu wakacheka. Bibi, aliyekuwa ameketishwa ukutani, akapapasa udongo kwa mguu, huku na huku.

"Mwanangu, umelima hapa?"

"Wageni, mama. Ningewakalisha kwenye mabua?"

Bibi akarudisha mguu. Sala ikaanza. Mnajua waliombea nini siku ile? Waliombea mvua.

Na mvua ikaja. Lakini ilipokuja, bibi alikuwa haoni tena hata mwanga wa mlangoni. Asubuhi moja mkwewe alikwenda kumwaga maganda ya ndizi shimoni, akashtuka. Katikati ya majivu na taka, maua yalikuwa yamesimama, mekundu. Akaacha ndoo palepale, akakimbia kumleta bibi, akamshikisha ua mkononi.

"Yametoka, mama! Yote yametoka!"

Bibi akalizungusha ua polepole kwa vidole. "Nisimulie lilivyo."

"Ni jekundu, mama."

"Najua ni jekundu. Mwaka jana lilikuwaje, na hili likoje? Limezidi?"

Yule mwanamke akaliinamia ua, akalitazama. Miaka yote aliyokaa katika nyumba ile alikuwa akifagia pembeni ya maua hayo. Hakuwahi kusimama akayatazama.

"Nirudishe ndani, mwanangu," bibi akasema. "Kuna matope."

Ndugu zangu, mwanamke huyu hakuwa mkatili. Alikuwa akitayarisha nyumba kwa ajili ya sala! Ndiyo maana naogopa ninapousimulia mfano huu. Maua aliweza kuyahamisha, akayarudisha ukutani. Macho ya bibi hakuweza kuyarudisha. Mungu hakuchelewesha mvua yake. Sisi ndio tuliotangulia na jembe. Tunataka wageni watusifu, tunapaona pakavu, tunasema hapana kitu, na mwenye kujua kilichopo amekaa nasi nyumba moja, tumemwambia anyamaze.

Nyumbani kwako yuko nani aliyekuambia, "Ningoje kidogo"? Pengine ni mzazi. Pengine ni mtoto ambaye umeshamkatia tamaa. Tukitoka hapa, kabla ya kuanza kazi yoyote, kaa naye. Muulize anangojea nini. Muulize leo, angali anaweza kukuonyesha.