Laptop ya Bibi Tulinagwe

Wapendwa, wekeni vitabu vyenu chini kidogo mnisikilize. Kulikuwa na mama mmoja kwenye vilima vya chai, kule ambako ukungu haukubali kuondoka mpaka jua lipande vizuri. Jina lake Tulinagwe. Kanisani kwao yeye ndiye alikuwa msomaji wa Neno. Sasa nisemeje ili mnielewe? Wengine wetu tukisoma, Mtume Paulo anasikika kama tangazo la mnada. Mama huyu akisoma, hata watoto wanaosukumana pale mlangoni wanatulia, wanataka kujua itakuwaje.

Umri ukaenda, macho yakaanza kumsaliti. Daktari akamwambia kwamba miwani haitamsaidia tena kwa maandishi madogo. Jumapili moja akaruka mstari mzima, akarudi, akapotea, na waumini wakaanza kuangaliana. Mnaijua ile namna ya kuangaliana kanisani.

Mzee wa kanisa, Mzee Mwambungu, akaitisha kikao, na kikao kikaamua mama afanyiwe sherehe. Wakamvika kitenge, wakamkatia keki, wakampa kiti kizuri cha kuegemea, kwaya ikamwimbia. Mzee Mwambungu akasimama, akasema, "Mama, umetumika vya kutosha. Sasa pumzika. Zamu ya kusoma nitaibeba mimi." Kanisa zima likapiga makofi.

Tulinagwe akatabasamu, akashukuru. Alipofika nyumbani akaiweka Biblia yake juu ya kabati, akaifunika kwa kitambaa, akakaa kwenye kile kiti akiangalia ukuta. Niwaulize: mtu akipigiwa makofi ili aondoke, hayo ni makofi ya heshima, au ni namna ya kistaarabu ya kumfukuza?

Basi, mama huyu alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe, anaitwa Subilaga, mwalimu wa sekondari. Shuleni kwao kulikuwa na laptop moja ndogo, nyembamba, nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja kama sahani. Walikuwa wameitupa stoo. Ukiiwasha, unaweza kwenda kusonga ugali ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Subilaga akaiomba kwa mwalimu mkuu, akapewa, akaja nayo nyumbani Jumamosi mchana.

Mama mkwe akamwuliza, "Mwanangu, hiyo si ndiyo mliyosema imekufa?"

"Haijafa, Mama. Imebebeshwa mzigo unaoizidi. Ile programu kubwa inayoiendesha imekuwa nzito mno kwa kimashine kama hiki. Naitoa, naweka nyingine nyepesi."

"Na hiyo nyingine utaipata wapi?"

"Iko, ni ya bure. Inaitwa Linux. Watu wameitengeneza wakaitoa, anayetaka achukue."

Sikuja hapa kuwafundisha kompyuta, ndugu zangu. Nawaambia tu yaliyotokea. Subilaga akachomeka flashi, akaufuta ule mfumo wa zamani, akaweka mpya. Wakanywa chai. Akaizima, akaiwasha tena, na kikombe hakijapoa ile mashine ilikuwa imeamka, inasubiri kazi. Akaanza kuingiza vitabu. Siku hizi vitabu vinakaa ndani ya kompyuta, kabati zima ndani ya kitu unachokiweka mapajani. Akaingiza Biblia, akaingiza nyimbo, hadithi, na kitabu kimoja cha ufugaji. Kisha akabonyeza mahali, herufi zikaanza kukua. Akabonyeza tena. Zikakua mpaka kila herufi ikawa kama punje ya hindi.

Akampakatisha mama mkwe ile laptop. Mama akanyoosha kidole, akagusa kioo. Midomo ikaanza kucheza bila sauti. Halafu sauti ikatoka, ile ile ya zamani: "Chanjo ya kideri hutolewa kwa kuku wote, wakubwa kwa wadogo."

Ndiyo, kilikuwa kitabu cha kuku! Ndicho kilichokuwa kimefunguka. Lakini mama alikisoma ukurasa mzima kama anasoma Isaya, na Subilaga akageukia dirishani kufuta machozi.

Siku chache baadaye mama akamwendea Mzee Mwambungu. "Kaka, nimekuja kuomba zamu yangu ya kusoma."

"Macho je, dada?"

"Nasomea kwenye laptop. Naona herufi zote."

Mzee akakunja uso. "Dada Tulinagwe, mimbari si duka la simu. Neno linasomwa kwenye karatasi. Na isitoshe, tulishakuaga."

"Mlishaniaga, kaka, lakini mimi sijaondoka."

Mzee hakubadilika. Mama hakugombana naye. Kila Jumapili akawa anakuja na laptop yake, anakaa benchi la nyuma, anaiweka mapajani, anafuatilia somo neno kwa neno. Wengine walinong'ona. Yeye alisoma.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kanisa limejaa, wageni wamekuja, ndizi na viazi na magunia ya maharage yamepangwa mbele. Mgeni mhubiri akaomba lisomwe somo kutoka kitabu cha Nehemia, pale wanapotajwa majina ya wote waliojenga ukuta wa Yerusalemu. Mzee Mwambungu akapanda, akafungua Biblia, akakohoa, akakaa kimya. Akafunua ukurasa. Kisha akaanza kutamka, lakini si majina ya wajenzi. Ilikuwa Zaburi ya mchungaji, ile tunayoijua sote tangu shule ya Jumapili. Akafika katikati, akasikia minong'ono, akakwama. Jasho likamtoka. Waumini wakaanza kuangaliana.

Mngekuwa ninyi kwenye lile benchi la nyuma, mngefanya nini? Semeni kweli. Si tungekunja mikono na kusema moyoni, "Leo Mungu amejibu"?

Tulinagwe akasimama. Akatembea katikati ya kanisa na ile laptop mkononi, akapanda, akaiweka juu ya ile Biblia iliyofunuliwa, akasema taratibu, "Kaka, soma hapa."

Mzee akainama. Akatazama. Na wapendwa, alisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi, kwa hiyo kanisa zima likamsikia akinong'ona, "Dada, ninaona! Mimi nami macho yaliniacha zamani. Nimekuwa nikisoma mnayoyajua kwa kichwa. Niliogopa mtaniaga kama tulivyokuaga wewe."

Yule mama akamshika bega, akasema, "Hapa haagwi mtu. Wewe taja wa kwanza, mimi nitamtaja anayefuata."

Wakaanza. Huyu jina, huyu jina. Makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, mtu na binti zake, kila mmoja na kipande chake cha ukuta. Majina ambayo huwa tunayaruka, siku ile yalisomwa kama watu wenyewe wanaingia mlangoni wakipokewa. Mama mmoja akapiga kigelegele. Wa pili akadakia. Somo lilipoisha kanisa zima lilikuwa limesimama, na vigelegele vilisikika hadi mashambani kwenye chai.

Ndugu zangu, tunamcheka Mzee Mwambungu? Tusimcheke, maana ni sisi. Tunawafungia wengine mlango kwa sababu tunaogopa kufungiwa sisi. Mtu akianza kwenda polepole tunasema amekwisha, wala hatuulizi amebebeshwa nini. Tunamkatia keki, tunampa kiti, halafu tunajiita wema! Nani alituambia kwamba Mungu akikuita anakuita na macho yako tu? Akitaka sauti yako isikike, atakupa njia, na njia hiyo inaweza kutoka stoo ya shule.

Na kuna mtu yuko hapa leo anaishi kwa kukariri. Sala anakariri, ndoa anakariri, tabasamu analokuja nalo Jumapili anakariri, na moyoni hajaona kitu siku nyingi. Ndugu, dada, kwaya itaimba sasa. Wakati inaimba, njoo hapa mbele, sema tu, "Sioni." Hatutakuuliza umeficha tangu lini. Tutasogea, tukupishe, tusome pamoja.