Kiti Kimoja cha Mlinzi wa Mtandao

Sogeeni hapa. Na wewe unayependa kujibu kabla hujaulizwa, leo funga mdomo mpaka nimalize, maana hadithi hii imeshagombanisha watu wazima.

Walikuwepo wanawake watatu katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi, huko milimani Upareni, wakisoma usalama wa mitandao ya kompyuta. Siku ya kwanza mkuu wa chuo, Bwana Mhando, aliwakuta wamekaa mstari wa mbele akawaambia, "Ushonaji ni chumba cha pili, kina dada." Hakuinuka hata mmoja. "Tumefika, Mwalimu," akasema Sikudhani. "Wewe endelea kufundisha." Mwaka mzima akawanunia, na mwaka mzima wakakaa mstari ule ule.

Wa kwanza, Hiyari, alijaliwa macho. Akitazama kwenye skrini jinsi taarifa zinavyoingia na kutoka mtandaoni, aliona kilichokaa kombo kama mama anavyomwona kuku wa jirani uani kwake.

Wa pili, Nakijwa, alijaliwa masikio. Ukimpigia simu tu, ameshajua kama umekula au una njaa.

Na Sikudhani? Huyo alijaliwa mkono usiotetemeka. Akishaamua, ameamua, uwe mkuu wa chuo, uwe nani.

Basi wakapelekwa mafunzo ya vitendo kwenye hospitali ya wilaya, Bwana Mhando akiwasimamia. Hospitali ile, jamani! Wauguzi wote walitumia nywila moja, ya Nesi Mwantumu. Ukimnyima mwenzako nywila unaitwa mchoyo, kana kwamba umemnyima chumvi. Wanawake wetu watatu walikataza wee, mpaka wakachoka.

Asubuhi moja Hiyari akaruka kitini. "Kumbukumbu za wagonjwa zinatoka nje! Zinatoka kwa jina la Nesi Mwantumu!"

Nesi Mwantumu alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Mimi? Mbona mimi niko hapa!"

"Ndiyo maana napiga kelele. Ni wezi hao! Wakishachukua watazifunga zote, na daktari hatajua nani aongezwe damu ipi."

Hakuna mwingine aliyeliona hilo. Bwana Mhando mwenyewe alikuwa akiitazama skrini ile ile, anapiga miayo.

Hapo hapo simu ya mezani ikaita. Nakijwa akapokea, akaongeza sauti wote wasikie. Alikuwa Dakta Msangi, mganga mkuu wa hospitali, sauti yake haswa, hata kikohozi chake.

"Shikamoo, Dakta," akasema Nakijwa.

"Poa," sauti ikajibu. "Sikilizeni. Mkiona kumbukumbu zinatoka nje, hao ni mafundi wetu wa mkoani wanazihamisha. Msiguse kitu."

Wote wakashusha pumzi. Hata Hiyari, na macho yake yote, akaomba radhi akakaa. Lakini Nakijwa akakata simu. "Huyu si Dakta."

"Una wazimu?" Bwana Mhando akafoka. "Sauti ya Dakta naijua!"

"Sauti ni yake, wameiiga kwa kompyuta. Salamu si yake. Mzee wa Kipare, mwenye wajukuu, umpe shikamoo akuitikie 'poa'? Thubutu! Dakta angeitikia marahaba, akaniuliza mama, akaniuliza mbuzi, ndipo aseme shida yake."

Wakatazamana. Wote walikuwa wamesikia ile 'poa', na hakuna aliyeitilia maanani.

Ikabaki kuuchomoa waya mmoja tu, ule unaoiunganisha hospitali nzima na nje. Bwana Mhando akasimama mbele yake, kifua mbele. "Atakayegusa waya huu bila amri, chuo basi tena! Je, kama simu ilikuwa ya kweli?"

Hiyari akarudi nyuma. Nakijwa naye akarudi nyuma. Sikudhani akamsukuma mkuu wa chuo kwa bega, akaushika waya, akauchomoa.

"Nifukuze," akasema. "Wagonjwa wetu hawaibiwi mimi nikiwa nimekaa."

Mtandao wote ukazima, na Bwana Mhando akamfukuza chuo papo hapo. Wezi walikuwa wamechukua kidogo, kufunga hawakuwahi.

Dakta Msangi wa kweli akafika anahema. Akauliza mama, akauliza mbuzi, ndipo akauliza mtandao. Alipoelezwa yote akasema, "Wanangu, nina kiti kimoja cha mlinzi wa mtandao wa hospitali hii, kazi ya kudumu. Niliomba vitatu, nimepewa kimoja. Nitajieni jina la anayestahili kabla ya saa kumi. Mkishindwa, Bwana Mhando ameshanitajia mpwa wake."

Ndipo wakageukiana, marafiki wale.

"Bila mimi," akasema Hiyari, "saa hizi mngekuwa mnakunywa chai na hospitali imeshaibiwa."

"Na bila mimi ungebaki umekaa," Nakijwa akamjibu. "Si uliomba radhi wewe!"

"Na bila mimi," akasema Sikudhani, "mngejua kila kitu, na wagonjwa wangeibiwa mkiwa mnajua. Tena mimi nimeshafukuzwa chuo. Nyie mna pa kurudi."

"Kufukuzwa si ujuzi!" Hiyari akapiga kelele, machozi yanamtoka kwa hasira. "Wezi wakirudi, nani atawaona?"

Sasa nyie msiniambie wagawane. Kiti ni kimoja. Wala msiniambie wakikatae kwa heshima, kwa sababu yule mpwa amekaa kwenye benchi hapo nje, kafunga tai, na wezi walipoingia hakuwepo. Hilo wenyewe wamegoma: hawamwachii! Nami nasema wagome hivyo hivyo.

Haya, fungueni midomo. Dakta yuko mlangoni, anasubiri jina moja. Wewe ungemtajia la nani? Na ukishalitaja, wale wawili waliobaki ungewatazama usoni ukawaambia nini?